Visanduku vya Kwinini Nilivyoviandika Kama Makartoni

Wenzangu wa depo, siku ya kuniaga mliniomba niandike mambo ya kazi ili wanaoingia sasa wapate pa kuanzia. Nadhani mlitegemea niandike juu ya dawa. Dawa zina wakubwa wake, waliosoma. Mimi miaka yangu yote nilishughulika na kinachobaki dawa ikishatoka: chupa, plastiki, visanduku, makartoni, na ripoti ya taka ya kila miezi mitatu. Nitaandika juu ya hivyo, na zaidi juu ya kosa moja ambalo hamtalikuta katika daftari lolote la ofisi. Nalijua vizuri kwa sababu nililifanya mimi.

Naitwa Nabintu, mzaliwa wa Nyantende. Nilikuwa na diploma ya ualimu na sikufundisha hata siku moja, kwa sababu shangazi yangu alisikia kanisani kwamba depo ya dawa ya kanisa pale Bukavu inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko ninao. Siku ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, kama mtu anayekwenda kuandika. Mkuu wa stoo alikuwa Papa Cirhuza, mzee mrefu mwenye koti la kijivu ambalo hakuna aliyewahi kuliona likifuliwa wala likiwa chafu. Aliviangalia viatu kwanza, kisha akaniangalia mimi.

“Karibu, maman. Ile viatu iko ya ndoa?”

“Hapana, papa. Ni ya kazi.”

“Kazi gani? Hapa tunapanda juu ya makarto. Kesho ulete sandali.”

Akanipa kisu ambacho mpini wake ulifungwa mpira wa baiskeli, akanionyesha rundo la makartoni lililofika kifuani. Mwandiko wangu mzuri ulingoja mpaka mwisho wa juma.

Vyombo vya kazi yetu vilikuwa vinne. Kisu hicho. Mizani ya kuning'iniza, ile ya ndoano, iliyokuwa inadanganya nusu kilo na sisi wote tulijua inadanganya upande gani. Pipa la kuchomea, nyuma ya jengo, lenye matundu chini ili moto uvute hewa. Na kalamu nyekundu, ambayo Papa Cirhuza aliitunza mfukoni kuliko alivyotunza miwani yake.

Fomu ilitoka kwa wafadhili wa Ulaya waliokuwa wakituletea dawa. Walitaka kujua kila kilo ya vifungashio ilikwisha vipi. Ilikuwa na safu tatu. Ya kwanza ni vile vinavyogusa dawa yenyewe, kama chupa na vifuko: hivyo vinaunguzwa. Ya pili ni visanduku vinavyovaliwa na hizo chupa: vinachanwa, halafu vinaunguzwa. Ya tatu ni makartoni makubwa ya safari, yale ya kahawia: hayo yanagawiwa au yanatumika tena. Mwanzoni niliona ni mchezo wa watu walioshiba. Nchi nzima inatafuta chumvi, wao wanatafuta uzito wa karatasi. Nikamwambia Papa Cirhuza hivyo, kwa heshima. Alinijibu kwamba zamani, akiwa kijana kwenye hospitali moja ya misheni, aliona mgonjwa anachomwa sindano ya maji ya ziwa. Chupa ilikuwa ya kweli, jina lilikuwa la kweli, mtu alikuwa ameiokota jalalani akaijaza. Hakuniambia mgonjwa yule aliishia wapi na mimi sikuuliza.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi, na nyingine zilikuja na Biblia mkononi. Mchungaji mmoja wa Kavumu alifika akitaka pipa tupu lililokuwa na dawa ya kuua wadudu. Alitaka kulijaza maji ya ubatizo, kwa sababu mto wao ulikuwa mbali.

“Pasta,” Papa Cirhuza akamwambia, “batu benye utabatiza mu ile pipa, dimanche ingine hautabaona.”

Mchungaji akasema Jumapili nyingine wote watakuwapo, atalisafisha kwa sabuni. Papa Cirhuza akaenda kuchukua sururu, akalitoboa pipa mara tatu mbele yake, ndipo akamwomba msamaha. Lishikeni hilo, ninyi vijana: kitu kisichotakiwa kutumika tena, kitoboeni kwanza, halafu ndipo mbishane na mwenye kukiomba.

Sasa nije kwenye kisanduku. Kwinini ya famasia za mjini na ya baadhi ya vituo vya afya ilikuwa inakuja katika vifuko vidogo vya vidonge kumi kumi, na vifuko vilipangwa ndani ya kisanduku cha kusimama juu ya meza ya muuzaji. Kifuniko chake unakikunja kwa nyuma, kinasimama wima, na juu yake kuna jina la dawa kwa herufi kubwa za kijani. Wenye Kifaransa walikiita présentoir, sisi tuliita kisanduku cha kuonyesha. Mbele tulikuwa tunapiga mhuri wa depo yetu. Kilikuwa cha karatasi ngumu iliyopakwa nta, maana kilitakiwa kukaa mezani miezi. Famasia ikimaliza vifuko, inarudisha kisanduku kitupu na kupewa kilichojaa, kama tunavyofanya na kreti za bia. Kilichochakaa Papa Cirhuza alikiandika herufi R nyekundu ndani ya kifuniko, mahali unapokunja, maana yake réformé, kimeachishwa kazi. Chenye R hakitoki tena mlangoni. Kinachanwa, kinaunguzwa.

Kwenye fomu ya wafadhili kisanduku hicho hakikuwa na jina. Hakigusi dawa, kwa hiyo si safu ya kwanza. Hakivaliwi na chupa. Si katoni ya safari. Papa Cirhuza alikuwa anakiweka safu ya pili bila kuuliza mtu, na mimi niliandika alivyoniambia bila kuuliza kwa nini. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza.

Vita ya kwanza ilipoingia mjini tulikaa nyumbani siku nyingi. Tuliporudi, depo ilikuwa imefunguliwa na watu wasio na funguo. Walikuwa wamemwaga vidonge sakafuni na kuchukua makartoni. Kweli. Tulitembea juu ya vidonge vya minyoo kama juu ya mchanga. Papa Cirhuza alisimama mlangoni akasema kwamba angalau sasa tunajua watu wanahitaji nini. Wote tulicheka, kisha mimi nikalia, naye akanipa ufagio.

Baada ya hapo kwinini haikuja tena katika vifuko. Ilikuja katika makopo ya vidonge elfu. Famasia zilirudisha visanduku vyao na hazikupewa vingine. Tulibaki na visanduku mia na kitu, vyote vimeandikwa R, vimelazwa bapa nyuma ya stoo vikisubiri moto. Moto haukuwashwa. Wakati ule moshi ukipanda katika uwanja wako, wanajeshi wanakuja kuuliza unaunguza nini na kwa nini. Tukaahirisha, mwezi baada ya mwezi, mpaka vita ya pili ikatukuta.

Vita ya pili iliwaleta watu mjini kwa miguu. Walitoka pande za Mwenga, za Walungu, za msituni, na ukumbi wa parokia karibu na depo ukajaa. Papa Cirhuza alikuwa kisiwani Idjwi. Alikwenda kumchukua mke wake kwa wakwe, mitumbwi ya injini ikasimamishwa, akakwama huko majuma saba. Stoo ikabaki mikononi mwangu. Asubuhi moja wakaja akina mama watatu mlangoni. Aliyesema alikuwa amebeba mtoto aliyekohoa kila alipovuta pumzi.

“Maman, utusamehe. Tunalala juu ya simenti. Mutoto anakohola. Kama iko makarto, hata ya kupasuka, tupatie.”

Makartoni ya kahawia yalikuwa yamekwisha, waliotangulia waliyachukua. Nikakumbuka visanduku. Vikifunuliwa vilikuwa vipana kama meza ndogo, na nta yao ilizuia unyevu wa saruji. Niliangalia fomu. Nikajiambia: hii imetengenezwa kwa nini? Kwa katoni. Katoni inaandikwa wapi? Safu ya tatu, inagawiwa. Nilipima, nikaandika kilo arobaini na mbili za katoni, zimegawiwa kwa wahitaji. Hata mwandiko wangu siku hiyo ulikuwa mzuri kuliko kawaida. Wale mama walinibariki kwa Kilega na kwa Kiswahili, na nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu vita ianze.

Papa Cirhuza aliporudi aliuliza visanduku viko wapi. Nilimwambia vimekwisha. Alidhani nimeunguza, akanisifu kwa ujasiri. Sikumsahihisha. Neno “vimekwisha” lilikuwa kweli, na mimi nilijificha nyuma yake.

Miezi kadhaa baadaye, waliokimbia walipoanza kurudi makwao na kuuza walivyolalia, nilikuwa soko la Kadutu nikakuta kimoja kimesimama juu ya meza ya mama mmoja, kimejaa pipi. Jina la kwinini kwa kijani, mhuri wetu, na pipi za machungwa ndani. Nilicheka peke yangu njia nzima. Ningekuwa na akili siku ile ningerudi kukichana.

Basi, ilipita kama mwaka. Siku moja Directeur wetu akaniita ofisini pamoja na Papa Cirhuza. Directeur alikuwa mtu wa sala na wa makaratasi, mwaminifu kwa vyote viwili. Mbele yake aliketi inspecteur wa wale waliotawala mji wakati huo, kijana mwenye suti pana kuliko yeye. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha kijani, chetu, kina mhuri, na vifuko vya vidonge ndani yake.

Inspecteur alieleza. Katika kituo kimoja cha afya upande wa Mwenga kulikuwa na muuguzi, mwanamke, jina lake Sifa. Mtoto mmoja aliletwa na homa kali. Sifa akampa kwinini. Mama wa mtoto akashangaa kwamba mtoto amemeza bila kulia, tena anaomba kingine. Akalamba kidonge mwenyewe. Kilikuwa kitamu kidogo, kama unga wa muhogo. Ninyi mnajua kwinini. Mtu aliyewahi kulamba uchungu wake mara moja hasahau. Mama alimbeba mtoto siku nzima mpaka hospitali ya misheni, huko akachomwa sindano akapona. Lakini kijiji kilipiga kelele, na Sifa akakamatwa, akaletwa Bukavu na kufungwa katika cachot, chumba cha mahabusu.

“Yeye anasema aliuziwa na commerçant, mufanyabiashara wa kupita,” inspecteur akasema. “Barabara ilikuwa imefungwa, hakuweza kuja huku, commerçant akafika na ile présentoir ya depo, akaamini. Mimi ninasema aliuzisha kinini ya kweli yenye mulimutumia zamani, akaweka ya uongo mu kisanduku yenu. Directeur, présentoir ya bure inaweza kutoka hapa?”

Directeur alifungua faili la ripoti zetu za taka. Alisoma kwa sauti, safu kwa safu. “Hapana,” akasema. “Zenye zinarudi zinaunguzwa. Iko mu ripoti. Hii haitoke kwetu ikiwa tupu.” Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu aliamini mwandiko wangu.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Nilijua. Sikusema neno. Ninaliandika hili ili msije mkadhani kwamba nilikuwa jasiri. Wakati ule mtu aliyefungwa alikuwa anaweza kuhamishwa siku moja na ndugu zake wasiambiwe amepelekwa wapi. Tulikuwa tunawajua waliopotea hivyo, kwa majina. Na mimi nilitoka ofisini nikaenda kupanga makopo kwenye rafu, siku hiyo na ya pili na ya tatu. Usiku nilikuwa nalala. Hilo pia linanitia aibu.

Siku ya nne Papa Cirhuza alinikuta nimekaa juu ya kreti na kisu mkononi, sikati kitu.

“Nabintu, ile visanduku, uliunguza na petroli gani? Petroli haikuwa.”

Nikamwambia yote: akina mama, saruji, mtoto mwenye kikohozi, kilo arobaini na mbili. Alisikiliza mpaka mwisho.

“Mu fomu uliandika nini?”

“Niliandika carton, papa. Iko carton.”

“Carton inasema nini?”

“Haisemi kitu.”

“Na ile présentoir?” Alikichukua kisu mkononi mwangu, akakiweka chini. “Ile inasema: hapa ndani iko kinini, na depo ya kanisa inajua. Inasimama juu ya meza, inasema ile maneno siku yote, hata kama ndani iko pipi. Kitu yenye kuaminisha batu, mwanangu, hauiangalie imetengenezwa na nini. Uangalie inafanya kazi gani.”

Hiyo ndiyo elimu yote niliyonayo juu ya kupanga vifungashio, na niliipata ikiwa imechelewa. Mkisahau kila kitu kingine katika maandishi haya, msisahau maneno hayo ya Papa Cirhuza.

Mficha uchi hazai. Tukaenda kwa Directeur pamoja. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu kama angenikaripia.

“Nabintu, minakusikia,” akasema. “Sasa na weye unisikie. Wafadhili bakijua visanduku vyetu viko vinatembeza dawa ya uongo, banafunga. Bakifunga, vituo vyote kutoka huku mpaka Shabunda havina kitu. Batoto ngapi? Uniambie, batoto ngapi, juu ya muntu moja?”

Hakuwa mtu mbaya. Hesabu yake ilikuwa ya kweli. Papa Cirhuza ndiye aliyejibu.

“Directeur, dawa ikikosa, tutaitafuta. Ule mwanamuke akipotea mule mu cachot, tutamutafuta wapi?”

Directeur alirudisha miwani usoni. Kisha akavaa koti lake, akachukua faili la ripoti, akatuambia twende wote watatu kabla hajabadili mawazo.

Inspecteur hakuniamini. Aliuliza kama Sifa ni ndugu yangu, kama tulisoma pamoja, kama kabila lake ni letu. Nilisema sijawahi kumwona. Akacheka: mtu gani anakuja kujifunga kamba kwa ajili ya mtu asiyemjua? Hapo Papa Cirhuza akaomba kisanduku kiletwe. Kililetwa, akakiweka mezani, akamwomba inspecteur akunjue kifuniko kwa mkono wake mwenyewe, ule upande wa ndani ambao mnunuzi hauoni. Kulikuwa na R nyekundu, imefifia kidogo, yenye mguu mrefu kama alivyozoea kuiandika.

“Ile R, minaandika mimi peke yangu,” akasema, akatoa kalamu mfukoni na kuandika nyingine pembeni ya gazeti la inspecteur. Zilifanana kama mapacha. “Minaandika tu ku kisanduku yenye imerudi bure, yenye haitatoka tena. Ule maman infirmière hakutumiwa kisanduku yenye R. Hakuna muntu alitumiwa. Kama iko na R, ilitoka hapa kama takataka. Na takataka iko kazi yetu. Haiko kazi yake.”

Inspecteur alizilinganisha R mbili kwa muda. Akaandika maneno yangu kwenye karatasi tatu, nikatia sahihi zote, kila ukurasa. Siku mbili baadaye Sifa akaachiwa. Yule mfanyabiashara hakuonekana tena.

Wafadhili tuliwaandikia wenyewe. Hawakufunga. Walituma barua ya maswali kurasa nne, na mwezi uliofuata fomu mpya, yenye mstari wa ziada kwa ajili ya visanduku vya kuonyesha: vinatobolewa, vinachanwa, vinaunguzwa mbele ya mashahidi wawili. Mstari huo mnaulalamikia kila mwisho wa robo mwaka, eti unachosha. Ni kweli unachosha. Mimi na Papa Cirhuza tulizunguka Kadutu, Nyawera na ukumbi wa parokia tukikusanya vilivyobaki. Tulimnunulia yule mama wa pipi bakuli la plastiki. Tulipata vingi, hatukupata vyote. Vingine viliingia msituni, na sijui vilisimama juu ya meza zipi, wala mbele ya mama wa nani. Hilo linaniuma mpaka leo na sitegemei liache.

Sifa alikuja depo siku ya pili baada ya kuachiwa. Nilitegemea mwanamke mkubwa. Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, amekonda, kitenge kimefungwa mara mbili kiunoni. Nilimwomba msamaha. Alinisikiliza huku akiangalia makopo ya kwinini nyuma yangu.

“Maman, mimi minatoka, aksanti,” akasema. “Lakini kule kwetu banajua tu kama nilikamatwa juu ya dawa ya uongo. Bamama habataniletea mutoto tena. Batabaki nao ku nyumba, na homa. Ile karatasi yenye ulisaini, nani ataisoma kule?”

Nilimwuliza anataka nini.

“Ukuje useme.”

Kwa hiyo nilikwenda. Barabara ilikuwa imetulia juma hilo, watu walisema, na neno “imetulia” wakati ule lilimaanisha kwamba walioipita jana walifika. Tulipanda lori la misheni mpaka lilipokataa, kisha tukatembea siku mbili, kopo la kwinini la vidonge elfu likiwa limefungwa ndani ya nguo zangu. Miguu yangu ya mjini ilinitukana kwa lugha zote. Sifa alitembea mbele, hakuzungumza sana, lakini kila kwenye mto alinishika mkono.

Jumapili baada ya misa, katekista aliwaomba watu wabaki. Akina mama walikaa upande wao, watoto migongoni. Hakuna aliyemsalimia Sifa. Nilisimama mbele yao na sandali zangu zenye matope, nikasema jina langu, na kijiji changu, na kazi yangu. Nikasema: visanduku vile vilikuwa taka, kazi yangu ilikuwa kuviunguza, nikavigawa. Mtu mwingine akavijaza unga. Huyu binti alidanganywa kama ambavyo ninyi mngedanganywa, kwa sababu ya jina letu lililokuwa juu yake. Wa kulaumiwa ni mimi.

Mwanamke mmoja akasimama, mwembamba, mtoto wa miaka kama mitatu amelala mgongoni mwake. Nilijua ni yule mama aliyelamba kidonge kabla hajasema, kwa jinsi wengine walivyompisha.

“Weye njo uligawa?”

“Ndiyo, maman. Ni mimi.”

“Juu ya sababu gani uligawa?”

“Kulikuwa na mtoto analala juu ya simenti.”

Alinitazama. Sikujua kama jibu hilo lilimfaa au lilimwudhi zaidi. Akamgusa mtoto wake shingoni kwa nyuma ya kiganja, kisha akasema, si kwangu bali kwa Sifa, maneno ya kwanza ambayo mtu wa kijiji kile alimwambia tangu arudi:

“Tangu jana iko moto tena.”

Sifa alimpima, akamwangalia macho, akafungua kopo mbele ya watu wote. Alikivunja kidonge, akakiponda katika kijiko, akatia maji. Mama akamfungua mtoto mgongoni, akamkalisha mapajani. Mtoto alifungua kinywa kwa imani yote. Kisha uso wake ukakunjika, akapiga ukelele uliowafukuza kuku waliokuwa mlangoni mwa kanisa, akatema kila kitu juu ya kitenge cha mama yake na juu ya mkono wa Sifa, akazidi kulia huku akijifuta ulimi kwa vidole.

Mama alichovya kidole kwenye kile kilichotemwa, akakilamba. Akafumba macho, akameza kwa shida. Kisha akamshika mtoto taya kwa mkono mmoja, akamgeuzia Sifa.

“Ametema,” akasema. “Mupatie ingine.”